Barua pepe za kitapeli kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumishi wa ofisi za Dodoma

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya watumishi wa ofisi za umma, mashirika na kampuni za Dodoma na mikoa ya jirani, hasa wale ambao kazi yao ya kila siku ni kupokea nyaraka, kuandaa malipo au kupanga ratiba za wakuu wao. Maafisa TEHAMA wataona baadhi ya maelezo ni ya awali mno, lakini hayakuandikwa kwa ajili yao.

Barua pepe ya kitapeli ni ipi hasa?

Ni barua inayotumwa na mtu anayejifanya mtu mwingine au taasisi nyingine, ili mpokeaji atoe kitu ambacho asingempa mgeni: nywila, fedha, nyaraka, au nafasi ya programu ngeni kuingia kwenye kompyuta yake. Matangazo yasiyotakiwa ni kero, lakini hayamo katika kundi hili, kwa kuwa mtumaji wake hafichi kwamba anauza kitu.

Karibu kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii". Ujumbe ule unabahatisha kwamba miongoni mwa maelfu ya wapokeaji wapo wachache ambao kweli walikuwa wanajiandaa kumtumia mtu hela. Barua inayolenga ofisi mara nyingi haibahatishi. Mwandishi wake ameshasoma tovuti yenu, analijua jina la mkurugenzi, na huenda anaijua hata zabuni mliyotangaza mwezi uliopita.

Sisi ni ofisi ndogo. Nani atahangaika kutulenga?

Tapeli hahangaiki, kwa sababu kutuma barua elfu kumi hakumgharimu zaidi ya kutuma kumi. Zaidi ya hapo, ofisi ndogo huandikiana na ofisi kubwa. Akaunti ya barua pepe ya karani wa kampuni inayonunua mahindi Kibaigwa inaweza isiwe na siri yoyote ya maana, lakini ikishatekwa, barua itakayotoka humo kwenda halmashauri au benki itaaminika, kwa kuwa anwani ni ya kweli na mazungumzo ya nyuma yamo humo humo.

Lipo pia jambo linaloihusu Dodoma kwa namna ya pekee. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, viongozi na watumishi wengi wamekuwa wakisafiri mara kwa mara kati ya Dodoma na Dar es Salaam, kiasi kwamba barua inayosema "niko kikaoni Dar es Salaam, siwezi kupokea simu" haimshtui mtu. Vivyo hivyo kwa kalenda: Mkutano wa Bunge wa Bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwishoni mwa Juni, na mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Katika wiki hizo wakuu hawapatikani kwa urahisi na malipo yanarundikana mezani kwa mhasibu. Tapeli hahitaji siri yoyote ya ofisi ili kulijua hilo.

Nitaitambuaje?

Tuanze na kile ambacho hakisaidii tena. Zamani tuliambiana kwamba barua ya kitapeli hujulikana kwa Kiswahili chake kibovu, na kweli barua nyingi zilikuwa hivyo: "Mpendwa mteja wa thamani, akaunti yako imekuwa kusimamishwa." Leo programu za akili mnemba huandika Kiswahili kisicho na kosa, chenye "Tafadhali rejea barua yetu" na "Husika na somo la hapo juu". Nembo ya taasisi nayo hunakiliwa kutoka kwenye tovuti kwa sekunde chache. Mtumishi anayetafuta makosa ya lugha tu atazikamata barua za wavivu na kuziachia za mahodari.

Kinachosaidia ni kuitazama anwani yenyewe, na si jina linaloonekana mbele yake. Jina ni maneno ambayo mtumaji anaweza kuyaandika apendavyo, hata "Mkurugenzi wa Utawala". Kwenye simu nyingi anwani hufichwa nyuma ya jina hilo, na hiyo ni sababu tosha ya kuepuka kutekeleza maagizo mazito kwa kutumia simu ukiwa kwenye daladala. Gusa jina, anwani itajitokeza.

Viungo navyo vina namna yake ya kusomwa. Tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza ulio peke yake baada ya jina la tovuti, kisha soma kutoka hapo kurudi kushoto. Anwani inayosomeka wizara.go.tz.jina-lingine.com haina uhusiano wowote na Serikali ya Tanzania, kwa sababu mwenye nyumba hiyo ni jina-lingine.com, na maneno yaliyotangulia amejiandikia mwenyewe. Kikoa, yaani sehemu ya mwisho ya jina la tovuti au anwani ya barua pepe, cha go.tz hupewa taasisi za Serikali tu, ilhali co.tz husajiliwa na kampuni au mtu yeyote anayelipia. Kwa hiyo barua inayodai kutoka wizarani huku anwani yake ikiishia na co.tz, au ikitoka kwenye huduma ya bure kama Gmail, inastahili kutiliwa shaka hata kama kila kitu kingine kimenyooka. (Ni kweli kwamba wapo watumishi wanaotumia Gmail zao binafsi kwa shughuli za ofisi. Wanawarahisishia kazi matapeli kwa kuwazoesha wenzao kuona jambo hilo kuwa la kawaida, na wakuu wao wangepaswa kuwakataza.)

Hata hivyo, kama kuna muda wa kuchunguza jambo moja tu, achana na anwani uangalie ombi. Je, barua inakutaka uandike nywila, ulipe, ubadilishe taarifa za malipo, ufungue faili usilolitarajia, au utume orodha ya watumishi? Je, inakuharakisha, au inakutaka usimwambie mtu? Ombi la aina hiyo huhitaji kuthibitishwa bila kujali barua inapendeza kiasi gani, kwani hata barua ya kweli haidhuriki kwa kuthibitishwa.

Barua imetoka kwenye anwani ya kweli ya mtu ninayemfahamu. Bado inaweza kuwa ya kitapeli?

Ndiyo, na hizo ndizo zinazodhuru zaidi. Aliyeteka akaunti ya mtu huwa hafanyi papara. Husoma barua za nyuma, huweka kanuni ya kuhamisha barua fulani kimyakimya ili mwenye akaunti asizione, kisha hujibu ndani ya mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. Mpokeaji huona jina analolijua, mada anayoijua na historia yote ya mawasiliano. Hapo hakuna jicho kali litakaloona kosa, kwa sababu kosa halipo kwenye barua. Kinachobaki ni kumpigia simu mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, na si kwa ile iliyoandikwa chini ya barua.

Je, ile alama ya kufuli kwenye kivinjari hainihakikishii usalama?

Hapana. Ilimaanisha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa njiani, na tovuti ya tapeli nayo hupata cheti hicho bila malipo. Google iliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu wengi walikuwa wakiielewa vibaya.

Mkuu wangu ameniandikia nilipe haraka na nisimsumbue kwa simu. Nimkatalie?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, kwa kuwa halihusu kompyuta. Katika ofisi zetu, mtumishi wa chini kumpigia mkuu wake ili kumuuliza kama kweli ameagiza anachoonekana kuagiza huweza kuonekana kama utovu wa adabu, na tapeli anaitegemea heshima hiyo kuliko anavyoutegemea utaalamu wowote. Anaandika kwa ufupi kama wakuu wanavyoandika. Anasema jambo ni la siri. Anaahidi kwamba nyaraka zitafuata.

Dawa yake haiwezi kuachwa kwenye ujasiri wa katibu mahsusi au mhasibu msaidizi. Mkuu wa taasisi mwenyewe ndiye anayepaswa kutamka mbele ya watumishi wote, na kuliweka kwa maandishi, kwamba hataagiza malipo kwa barua pepe wala kwa WhatsApp peke yake, na kwamba anayempigia kuthibitisha hatalaumiwa hata akimkuta kikaoni. Likishatamkwa, mtumishi anayepokea agizo la namna hiyo hana haja ya kukataa wala kubishana, bali anajibu kwamba malipo yatapitia utaratibu wa kawaida. Hati ya malipo, kibali cha afisa masuuli na sahihi ya mtu wa pili viliwekwa zamani sana, kabla ya barua pepe kuwepo, na bado ni kinga madhubuti ilimradi visirukwe kwa kisingizio cha haraka.

Ikiwa wewe ni mtumishi na mkuu wako hajatamka lolote, mwendee kupitia kwa katibu wake, au mtumie ujumbe mfupi wa heshima: "Shikamoo, Mheshimiwa. Nimepokea maagizo ya malipo kwa barua pepe, naomba uthibitisho wako kabla sijaendelea." Mkuu atakayekasirishwa na ujumbe huo atakuwa amekasirika bure, lakini fedha zitakuwepo.

Mzabuni ametuandikia kwamba amebadilisha akaunti ya benki. Tufanyeje?

Msibadilishe chochote kwa kutegemea barua hiyo, hata ikiwa na kichwa cha barua cha kampuni, mhuri na sahihi. Mpigieni mzabuni kwa namba iliyomo kwenye mkataba au kwenye faili la masijala, ombeni barua rasmi, na kabla ya kulipa hakikisheni jina la mwenye akaunti mpya linalingana na jina la kampuni.

Mtu anaweza kudhani mtego huu huwanasa wasio na elimu ya kompyuta. Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni yenye jina sawa na la Quanta Computer, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiuza vifaa kwa Google na Facebook. Kwa barua pepe, ankara na mikataba ya kughushi, alizifanya kampuni hizo mbili kulipa zaidi ya dola milioni 100 kwenye akaunti alizozidhibiti yeye. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 nchini Marekani mwezi Desemba 2019. Waliolipa walikuwa na wahandisi wengi kuliko taasisi yoyote iliyopo Mtumba, na ankara zilifanana na zile walizozoea kulipa.

Kwa malipo ya kwenda Serikalini jambo ni rahisi zaidi. Malipo hayo hufanyika kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa Serikali wa makusanyo, GePG. Barua inayotaka ada, faini au gharama ya zabuni ilipwe kwenye namba ya simu ya mtu au akaunti ya mtu binafsi ni ya kitapeli, na hakuna haja ya kuendelea kuichunguza.

Idara ya rasilimali watu hupokea wasifu wa watu wasiojulikana kila siku. Watajilindaje?

Hawawezi kuacha kufungua viambatisho, kwa hiyo kuwaambia "msifungue faili la mtu msiyemjua" ni kuwaambia waache kazi. Wasiwasi wenyewe una msingi: katika wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh wa Februari 2016, ambapo dola milioni 81 zilipotea, wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba wezi walikuwa wametuma barua pepe za mtu anayejifanya kutafuta kazi, zikiwa na kiungo cha kupakua wasifu wake.

Kinachowezekana ni kupunguza milango. Waombaji watumie fomu au mfumo mmoja unaokubali PDF tu. Kompyuta za idara hiyo zisasishwe bila kuahirishwa. Faili la Word au Excel linaloomba uruhusu "makro", yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, lisiruhusiwe. Faili la ZIP linalokuja na nywila yake ndani ya barua ile ile lisifunguliwe, kwani sababu ya kulifunga ni kuzuia programu ya kinga isilikague. Tena, Windows huficha viishio vya majina ya mafaili isipobadilishwa, hivyo wasifu.pdf.exe huonekana kama wasifu.pdf. Afisa TEHAMA anaweza kuirekebisha hali hiyo kwa muda mfupi kwenye kompyuta zote.

Na msimbo wa QR ulio ndani ya barua?

Usiuskani kwa simu yako. Huwekwa hapo ili uhame kutoka kompyuta ya ofisi yenye ulinzi kwenda kwenye simu isiyo nao.

Nimeshabofya. Nifanye nini sasa?

Mpigie afisa TEHAMA mara moja, kabla ya kufanya jambo jingine lolote, na kabla ya kujishauri kama utaonekana mjinga. Kinachofuata kinategemea umefika wapi.

Kama ulibofya kiungo na kufunga ukurasa bila kuandika kitu, hatari huwa ndogo, lakini toa taarifa kwa sababu wenzako nao wamepokea barua hiyo. Kama uliandika nywila, ibadilishe kwa kutumia kompyuta nyingine, ukiingia kwenye tovuti halisi kwa kuandika anwani yake mwenyewe, kisha toka kwenye vifaa vyote vilivyofunguliwa kwa akaunti hiyo. Kubadilisha nywila pekee kunaweza kumwacha tapeli ndani, kwa kuwa kikao alichokwishafungua huweza kuendelea. Halafu kagua mipangilio ya barua uone kama kuna kanuni ya kuhamisha barua ambayo hukuiweka wewe. Watu wengi husahau hatua hii, nao wakishamaliza kubadilisha nywila wanadhani mgeni ameondoka ilhali nakala za barua zao zinaendelea kumfikia. Na kama nywila hiyo hiyo uliitumia kwingine, huko nako ibadilishe.

Kama ulifungua kiambatisho au kusakinisha programu, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, lakini usiizime kompyuta, kwani ushahidi mwingine hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea ikizimwa. Kama fedha zimeshatumwa, mpigie meneja wa benki yenu simu wakati huo huo, umwombe asimamishe muamala au awasiliane na benki iliyopokea, na ndipo ufuate kwa barua. Saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Fedha zikishagawanywa na kutolewa, barua nzuri ya malalamiko haizirudishi.

Tumeweka uthibitishaji wa hatua mbili. Je, hautoshi?

Unasaidia sana na kila ofisi inapaswa kuwa nao, hasa kwa barua pepe na mifumo ya malipo, lakini namba ya uhakiki inayokuja kwa ujumbe mfupi inaweza kuombwa na tapeli kama nywila inavyoombwa. Zipo tovuti za bandia zinazopokea nywila na namba hiyo na kuziingiza kwenye tovuti halisi papo hapo. Mtu akikupigia simu akijitambulisha kuwa wa TEHAMA na kukuomba umsomee namba uliyotumiwa, kata simu.

Kinga iliyo imara zaidi ni ufunguo wa kielektroniki unaochomekwa kwenye kompyuta, kwa sababu hukataa kufanya kazi kwenye anwani isiyo yake hata kama mtumiaji mwenyewe amedanganyika. Mwaka 2018 Google ilieleza kwamba tangu ianze kuwalazimu wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kutumia funguo hizo mwanzoni mwa 2017, haikuwa na tukio lililothibitishwa la akaunti ya kazi kutekwa kwa ulaghai wa aina hii. Si lazima kumnunulia kila mtu. Anzeni na mhasibu, msimamizi wa mifumo na mkuu wa taasisi.

Tunaripoti wapi?

Kwanza ndani ya ofisi, kwa namba au anwani moja inayojulikana na kila mtu. Taasisi za Serikali huwasiliana pia na Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA. TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), hupokea taarifa za matukio ya usalama mtandaoni kutoka kwa taasisi nyingine pia. Namba 15040 ni ya kuripoti ujumbe wa kitapeli wa simu, wala si barua pepe, ingawa utapeli mmoja huweza kuanza huku ukamalizikia kule.

Palipo na hasara au akaunti iliyotekwa, toeni taarifa polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015 inaugusa udanganyifu kwa njia ya kompyuta, kughushi na kujifanya mtu mwingine. Ikiwa taarifa za watumishi au wateja zimevuja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusika, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapaswa kujulishwa. Msisubiri uchunguzi wa ndani ukamilike ndipo mfikirie jambo hilo.

Je, mtumishi aliyebofya achukuliwe hatua za nidhamu?

Kwa kubofya, hapana. Ofisi inayomwandikia barua ya kujieleza kila aliyedanganyika itapata matokeo ya haraka: taarifa zitakoma, na uongozi utadhani hali imetulia. Aliyeficha kwa makusudi, au aliyeruka utaratibu wa malipo aliokuwa anaujua, ni suala jingine na kanuni zake zipo.

Wataalamu nao hukosea. Mwezi Machi 2016, wasaidizi wa John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton nchini Marekani, walimuuliza mtaalamu kuhusu barua iliyojifanya kutoka Google. Aliwajibu kwamba barua ni halali, na baadaye akaeleza kwamba alikusudia kuandika kinyume chake. Jibu lake lilikuwa na kiungo sahihi cha Google cha kubadilishia nywila, ila kiungo kilichotumika kikawa kile cha ndani ya barua ya kitapeli. Afisa TEHAMA anayeulizwa ajibu kwa sentensi isiyo na njia mbili, na ikiwezekana apige simu.

Baada ya kuripoti, niifute barua yenyewe?

Usiifute mpaka uambiwe. Usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ikiwa na kiungo chake hai, kwa kuwa atakuwepo atakayekigusa ili aone. Ukitakiwa kuituma kwa TEHAMA, itume kama kiambatisho, maana ukiisambaza kwa njia ya kawaida, vichwa vyake vya kiufundi vinavyoonyesha ilipopitia, pamoja na matokeo ya SPF, DKIM na DMARC, yaani ukaguzi wa kama barua imetoka kweli kwenye kikoa inachodai, hupotea. Picha ya skrini inafaa kuwaonya wenzako, ila haitoshi kwa uchunguzi.

TEHAMA wakishathibitisha kwamba wameichukua, wanaweza kuiondoa wenyewe kwenye visanduku vya watumishi wote kwa mara moja, na hapo ndipo utakapoambiwa uifute nakala iliyobaki kwenye simu yako.